Enda Tezi na Omo: Kumbukumbu ya Baharia Aliyeondoka Ghafla

Matini ya mazungumzo kwa wastaafu wa Jeshi la Wanamaji, familia zao na wakazi wa Nyali

Waliofiwa mwaka huu, poleni kwa msiba. Waliokuja na wagonjwa wao moyoni, poleni kwa kuuguza.

Wahenga wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni pale chini kabisa, maji yanapojikusanya yakingoja kufutwa. Baharia anaweza kukimbia nyuma na mbele mchana kutwa, akifunga kamba hii na kufungua ile, lakini mwisho wake hushuka pale pale. Mazungumzo haya ni ya baharia aliyekwenda tezi na omo kwa zaidi ya miaka 20, kisha akashuka ngamani usiku mmoja bila kumuaga mtu.

Baharia huyu hatatajwa jina, kwa sababu si mtu mmoja. Ni mfano uliounganishwa kutokana na maisha ambayo yeyote anayeishi upande huu wa daraja la Nyali anayafahamu. Kila mtaa una wake. Watoto humwita Babu Afande. Viatu vyake hung'aa hata akienda dukani kununua sukari, na saa yake haichelewi. Akisikia king'ora cha meli kutoka mlango wa bandari hunyamaza kidogo, kisha huendelea na maneno yake. Atakayemtambua jirani au baba yake ndani ya simulizi hii hatakosea.

Chombo alichopanda

Maisha ya baharia huyu hayaelezeki bila kueleza jeshi lililomlea, kwa maana vijana wengi hupita Likoni kila siku bila kujua kilichoko nyuma ya lango la kambi ya Mtongwe.

Ulinzi wa bahari hii kwa mikono ya watu wa hapa ulianza kabla ya uhuru. Mwaka 1933 kiliundwa Mombasa kikosi cha akiba cha wanamaji wa koloni. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, Kilindini ikawa bandari kubwa ya kijeshi. Ndiyo bandari iliyoaga meli Khedive Ismail mwezi Februari 1944, ikiwa imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakienda Asia. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walizidi 1,200. Familia nyingi za bara na pwani hazikupata kaburi la kuzuru, zilipata habari tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaundwa jeshi la wanamaji la Afrika Mashariki, lenye makao yake hapa Mombasa, likihudumia maeneo yote yaliyotawaliwa na Uingereza. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Kenya ilipopata uhuru ikabaki na pwani ya zaidi ya kilomita 500, kutoka Vanga hadi Kiunga, na haikuwa na meli yake ya kuilinda. Tarehe 12 Desemba 1964, siku nchi ilipotimiza mwaka mmoja wa uhuru, Jeshi la Wanamaji la Kenya likazinduliwa rasmi.

Lilianza dogo. Kamanda wake wa kwanza alikuwa afisa Mwingereza, na boti zake za kwanza za doria zilizojengwa Uingereza, KNS Simba, KNS Chui na KNS Ndovu, zilifika mwaka 1966. Mkenya wa kwanza kuliongoza, J. C. J. Kimaro, alishika usukani mwaka 1972. Mwaka 1974 ikaja KNS Mamba, na muda mfupi baadaye zikafuata KNS Madaraka, KNS Jamhuri na KNS Harambee. Majina yenyewe yanaonyesha nchi ilivyokuwa ikijisikia wakati ule. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja KNS Nyayo na KNS Umoja.

Baharia wa simulizi hii aliingia katikati ya miaka ya 1970, akiwa kijana wa miaka 20 hivi aliyejua kuogelea kwenye maji ya kina kifupi na hakuwahi kuiacha pwani nyuma ya macho yake. Siku ya kujiandikisha alipewa fomu. Katika nafasi iliyouliza jina la mtu wa karibu zaidi, aliandika jina la mama yake. Hakuwa na mke wakati huo, wala mtoto. Lilikuwa jibu sahihi kabisa kwa siku ile. Jina hilo likumbukwe, kwa sababu litarudi.

Kazi isiyoonekana

Kazi ya baharia wa doria haina wa kuitazama. Askari wa nchi kavu hupita barabarani watu wakampungia mkono. Wa majini hutoka Kilindini usiku, taa za Mama Ngina zikipotea nyuma, na anachokiona kwa siku kadhaa ni maji. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka hadi mpishi hushindwa kuweka sufuria jikoni. Wakati wa kaskazi joto la chumba cha mitambo humfanya fundi abadilishe shati mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Katika hali hiyo husindikizwa meli, hukaguliwa majahazi, huokolewa wavuvi ambao injini zao zimezimika, na hutafutwa waliopotea. Mvuvi wa Bamburi anayevutwa hadi ufuoni akiwa amekaa siku mbili bila maji ya kunywa hamjui jina baharia aliyemtupia kamba. Anaijua kamba tu.

Nyumbani nako palikuwa na kazi yake isiyoonekana. Mke wa baharia ndiye aliyejua kulea watoto kwa barua na kwa subira. Ndiye aliyepeleka mtoto hospitali usiku wa manane, akajenga chumba cha pili kwa fedha za chama cha akina mama, na kuwaambia watoto kwamba baba atarudi mwezi ukiandama. Heshima inayotolewa kwa mstaafu haikamiliki kama mama huyu ameachwa nyuma ya pazia.

Ijumaa ya Mtongwe

Iko siku moja ambayo mabaharia wa kizazi hicho hawaizungumzi sana, na ambayo wakazi wa kusini mwa kivuko hawaisahau.

Tarehe 29 Aprili 1994 ilikuwa Ijumaa. Asubuhi, watu wakiwahi kazini, feri ya Mtongwe iliondoka ikiwa imejaa kupita kiasi. Haikufika mbali. Ilipinduka mita chache tu kutoka ufuoni, ndani ya macho ya waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kuvuka. Watu 272 walikufa. Ni msiba mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea kwenye maji ya Kenya tangu uhuru.

Kambi ya wanamaji iko pale pale Mtongwe. Wanaume waliofunzwa kukabiliana na adui wa baharini wakajikuta wakiwatoa majini jirani zao, watu waliopanda nao matatu jana yake. Hakuna somo la kijeshi linalomwandaa mtu kwa jambo hilo. Siku zile hakukuwa na mazoea ya kumkalisha askari chini na kumuuliza moyo wake ukoje. Kazi ilikwisha, wakaoga, wakarudi nyumbani, wakakaa kimya.

Miaka 25 baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni likatumbukia na mama na binti yake. Kina cha maji pale ni kikubwa na mkondo wake hauna huruma. Wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walikuwa miongoni mwa waliotafuta hadi gari likapatikana na kuvutwa juu tarehe 11 Oktoba. Nchi nzima ilitazama kwenye runinga. Wastaafu wa Mombasa walitazama pia, na wake zao wanaweza kusimulia jinsi baadhi yao walivyozima runinga na kutoka nje kukaa peke yao chini ya mwarobaini.

Afande anapokuwa jirani

Baharia wa simulizi hii alistaafu muda si mrefu baada ya Mtongwe. Alirudi upande wa Nyali, ambako alikuwa amejenga.

Anayeijua Kongowea anaijua nyumba yake. Ni ya vyumba vinne, na ukuta wa mbele una rangi ya samawati iliyopauka. Lakini kama nyumba nyingi za Mombasa, ni nyumba bila shamba. Kuta ni zake, ardhi ni ya mwingine. Kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja, akapewa risiti, akaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa pia na cheti chake cha kustaafu, medali moja, kitabu cha benki, na makubaliano ya kununua kiwanja kidogo Kisauni, yaliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na watu wawili ambao sasa wote ni marehemu. Ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake.

Alitengeneza injini za boti kwa malipo madogo. Jumamosi alikwenda ufuoni kuwafunza watoto wa mtaa kuogelea, akiwapanga mstari kama kuruta. Somo lake la kwanza halikuwa kuogelea, lilikuwa kuogopa. Aliwaambia kwamba bahari haina urafiki na mtu mwenye haraka, na kwamba anayezama asirukiwe kwa mikono mitupu, atupiwe kitu kinachoelea. Mtaa mzima ulijua kwamba mtoto aliyepita mikononi mwa Babu Afande hawezi kupanda chombo kilichojaa.

Alikuwa mgumu kwa mwili wake. Alipima presha mara moja, kwenye kambi ya matibabu ya bure, akaambiwa iko juu na arudi. Hakurudi. Aliona kwamba mtu aliyevuka kusi zaidi ya ishirini hawezi kuangushwa na kitu asichokiona.

Usiku wenyewe

Siku ile alikuwa amepanda juu ya nyumba kurekebisha tangi la maji. Jioni alisema kifua kimembana na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa unavuma.

"Baba watoto, twende hospitali," mkewe akamwambia.

"Mama watoto, ni gesi tu. Nipe chai ya tangawizi, kesho nitakuwa mzima."

Kabla ya alfajiri alikuwa ameaga dunia.

Maneno haya mawili, ni gesi tu, yameacha wajane wengi katika kaunti hii. Kifua kinachobana kwa dakika kadhaa, maumivu yanayoshuka mkononi au kupanda kwenye taya, jasho la baridi, kukosa pumzi na kichefuchefu ni dalili za mshtuko wa moyo. Kwa wanawake na kwa wenye kisukari dalili zinaweza kuwa hafifu zaidi, ikawa ni uchovu mzito tu au pumzi fupi. Mwenye dalili hizi akalishwe, asitembezwe, asipandishwe bodaboda, na apelekwe hospitali saa ile ile kwa gari, hata kama ni usiku na hata kama yeye mwenyewe anakataa. Msaada wa dharura huombwa kwa nambari 999 au 112. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukakosa nguvu au maneno yakakoroga, hicho ni kiharusi, na nacho hakingoji asubuhi.

Shinikizo la damu la kawaida ni chini ya 120 kwa 80. Likipimwa zaidi ya siku moja likakutwa limefika 140 kwa 90 au kupita, mtu huyo ana ugonjwa unaohitaji kutunzwa, ingawa hahisi lolote. Ndiyo hila yake. Maradhi haya hayaumi mpaka siku yanapoua. Kupima huchukua dakika chache kwenye zahanati, na dawa zake huendelea kumezwa hata mtu akijisikia vizuri, kwa sababu kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa zenyewe.

Sanduku la bati

Mtaa ulifanya yote ambayo mtaa hufanya. Turubai likafungwa, viti vikaletwa, sufuria za jirani zikawaka. Wastaafu wenzake wakaja na mashati meupe, wakasimama mstari bila kuamrishwa. Watoto aliowafunza kuogelea wakaja na kusimama nyuma yao.

Matanga yalipokwisha na turubai kufunguliwa, mjane akachukua ufunguo na kufungua sanduku. Hapo ndipo safari yake ya pili ilipoanza.

Alikuta kwamba katika karatasi za utumishi, mtu wa karibu zaidi bado ni mama wa marehemu, aliyefariki zamani. Ndoa yao ilikuwa ya kweli, iliyoshuhudiwa na wazee wa pande zote mbili, lakini cheti hakikuwa na anayejua kilipo. Mtoto mmoja aliandikwa jina tofauti katika cheti cha kuzaliwa na katika kitambulisho. Mwenye kiwanja cha Kongowea alituma ujumbe akiuliza nani atalipa kodi sasa. Na wiki ya tatu akaja jamaa mmoja akisema kiwanja cha Kisauni walinunua pamoja na marehemu.

Mwanamume aliyejua kufunga kamba hamsini kwa majina yake alikuwa ameiacha familia yake bila kamba hata moja. Hakuwa mbaya. Hakuwa mchoyo. Aliamini tu kwamba siku ipo.

Iko dawa ya jambo hili, na si ghali. Inahitaji alasiri moja ya mstaafu akiwa hai, mkewe kando yake na sanduku limefunguliwa.

Kwanza, jina la mtu wa karibu na majina ya wategemezi yahakikishwe katika kumbukumbu za utumishi na za pensheni, na yabadilishwe kila maisha yanapobadilika, kwa ndoa, kwa mtoto kuzaliwa, au kwa mzazi kufa. Fomu iliyojazwa na kijana wa miaka 20 isiachwe iamue riziki ya mjane wa miaka 60.

Pili, majina yafanane. Kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa na kitabu cha benki visome jina moja kwa herufi moja. Tofauti ndogo ya tahajia humrudisha mjane nyumbani mara kumi. Marekebisho hufanywa kwa wepesi mwenye jina akiwa hai.

Tatu, karatasi za mali zitolewe gizani. Anayemiliki nyumba bila shamba aweke risiti zote za kodi ya kiwanja pamoja na makubaliano na mwenye ardhi. Mwenye makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono ayapeleke kwa wakili au afisi ya ardhi wakati mashahidi wangali hai, ili ajue kama yanamlinda au la.

Nne, wosia uandikwe. Kuandika wosia si kukaribisha mauti. Kwa Muislamu, mgawanyo wa mirathi umekwisha kuwekewa utaratibu wake, lakini madeni, amana na mahali zilipo karatasi bado ni mambo ya kuandikwa na kushuhudiwa.

Tano, ufunguo usiwe wa mtu mmoja.

Kifo kikishatokea

Kifo kinapotokea nyumbani, naibu wa chifu huarifiwa. Kikiwa cha ghafla na sababu yake haijulikani, polisi nao huarifiwa, na uchunguzi wa maiti unaweza kuhitajika. Familia nyingi hukasirishwa na jambo hilo, hasa wanaotaka kuzika siku ile ile, lakini huja kuwalinda baadaye kunapozuka maneno. Kikitokea hospitalini, hospitali ndiyo hutoa taarifa yake. Kibali cha mazishi hutangulia, kisha cheti cha kifo. Cheti hicho kisicheleweshwe, na nakala zake zitunzwe, kwa sababu hakuna afisi, benki wala mahakama itakayosikiliza bila hicho.

Mirathi hufunguliwa mahakamani, kwa kuanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Waislamu huweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Katika mahakama nyingine ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kulitoa. Kwa kawaida, uthibitisho wa mwisho wa mgawanyo huja baada ya miezi sita tangu idhini kutolewa. Katika muda huo wote, kuuza, kubomoa au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai, hata anayefanya hivyo awe ndugu wa tumbo moja. Kina mama walisikie hili vizuri: shemeji hana mamlaka ya kumtoa mjane nyumbani kwa neno la mdomo.

Mstaafu wa jeshi na wategemezi wake wanatambuliwa pia na sheria ya wanajeshi wastaafu iliyopitishwa mwaka 2022, na chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA, kina watu waliokwisha kuipita njia hii. Mjane asiende peke yake. Aende na mstaafu mmoja anayejua lugha ya kambi, na kijana mmoja anayejua kujaza fomu mtandaoni.

Mnara na watoto

Kwenye barabara ya Jomo Kenyatta kisiwani iko sanamu ya askari na wapagazi waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake yamewekwa kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili. Maelfu hupita pale kila siku wakielekea Mwembe Tayari, na wachache huinua macho. Hivyo ndivyo mawe yanavyokumbuka. Yanasimama, na watu wanapita.

Upande huu wa daraja iko kumbukumbu ya aina nyingine. Kengeleni imepata jina lake kutokana na kengele ya Frere Town, iliyowekwa katika karne ya 19 na walioachiwa huru kutoka utumwani, ilie pindi hatari inapokuja kutoka baharini. Watu wale walijua kwamba anayekumbuka yaliyompata huweka kengele kwa ajili ya atakayekuja. Ndiyo maana jina la mahali limebaki vinywani mwa makanga hadi leo.

Baharia wa simulizi hii ameacha kengele mbili. Ya kwanza ni watoto aliowafunza wasiingie kwenye chombo kilichojaa na wasiruke majini kwa mikono mitupu. Mmoja wao siku moja atamtupia mtu dumu tupu lililofungwa kamba, na mtu huyo atarudi kwa mama yake. Hatajua kwamba aliyemwokoa ni mzee aliyezikwa zamani. Ataijua kamba tu.

Kengele ya pili ni sanduku lake. Ililia kwa uchungu, lakini imelia. Mjane wake, kila anapokwenda kumfariji mwenzake, humuuliza kwa sauti ya chini: ufunguo uko wapi?

Basi ombi la mazungumzo haya ni dogo. Wiki hii, kila mstaafu apime presha yake, hata akijiona mzima. Jumamosi hii, kila sanduku la bati lifunguliwe mchana, mume na mke wakiwa wamekaa pamoja na mtoto mmoja mkubwa, na karatasi zisomwe moja moja. Watoto wa mtaa wasiojua kuogelea watafutiwe mzee wa kuwafunza. Na kijana anayekutana na Babu Afande njiani amsimamishe na amuulize alipanda chombo gani, na mwaka gani. Mengi ya majibu hayo hayajaandikwa popote. Yamo vifuani, na vifua hivyo vinaondoka kimoja kimoja.

Walioondoka wakiwa kazini na walioondoka wakiwa vitandani mwao, wenye makaburi na wasio na makaburi, Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Waliobaki awape subira, na awape nguvu ya kuweka mambo yao sawa kungali mchana.